Mtoro wa Kimamba

Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, watalii watatu wa Kijerumani walikosa mtu wa nne wa kukamilisha mchezo wao, na meneja wa hoteli huko Mikumi akamtoa Editha jikoni. Wakapelekwa Kimamba, kwenye nyumba ya zamani ya msimamizi wa shamba la mkonge, ambayo hoteli ilikuwa imeigeuza nyumba ya mizimu. Mnafungiwa ndani, mnafumbua mafumbo, mkipata ufunguo mnatoka. Mafumbo yote yalikuwa kwa Kijerumani. Kijerumani cha Editha kiliishia kwenye salamu ya asubuhi, na ilikuwa alasiri.

Mlango ulifungwa kwa nje. Wageni wakaanza kupekua mafuvu ya plastiki na kuzozana. Kando ya kabati, kwenye kigoda, alikaa kijana mwenye kaptura ya kaki, kofia mapajani. Editha alimtambua. Sura hiyo ilikuwa kwenye picha ambayo bibi yake, Odilia wa Magomeni ya Kilosa, aliigeuzia ukutani tangu mumewe, Casmir, alipokwenda kazini asirudi. Kilosa nzima ilisema katorokea Tanga na mwanamke. Bibi alizeeka na aibu hiyo. Hata bombani alisubiri wenzake waondoke kwanza.

"Shikamoo, babu," alisema Editha. Alimzidi umri, lakini babu ni babu.

"Marahaba. Wa nani wewe?"

"Wa Magreti, binti yako kwa Odilia."

"Kumbe walimpa jina la mama yangu." Alisimama, akakaa tena. "Nilisikia kazaliwa, nikaja kuomba ruhusa nikamwone. Msimamizi akasema nisubiri humu. Akafunga, akaondoka na gari. Njaa iliniuma, halafu ikaacha. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Ana wajukuu sasa."

Mgeni mmoja alimpigia Casmir makofi kwa uigizaji wake, akarudi kwenye mafuvu. Editha hakutulia. Alipewa mshumaa ambao hakujua ni wa nini, akauweka, akapewa mwingine. Alitaka kitu kimoja tu, kumfikisha mtu huyu Magomeni bibi yake angali hai, na mji uone.

"Ufunguo wao uko ndani ya saa ya ukutani," alisema Casmir. "Huwa wanauficha humo."

"Na wewe hujatoka?"

"Bila ruhusa? Wataniita mtoro."

Editha hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba walishamwita.

Alifungua saa, akatoa ufunguo, mlango ukafunguliwa. Akamshika babu yake mkono, baridi kama wa mtu aliyetoka kufua, akamvuta hadi kizingitini. Akamweleza kuwa shamba limekufa, msimamizi kafa, mkonge umekuwa pori. Kisha akamwomba mgeni aliyekuwa mzee kuliko wenzake, kwa ishara, amruhusu Casmir badala ya msimamizi. Mzee alisema maneno marefu, ya heshima. Casmir alimsikiliza hadi mwisho, kofia mkononi.

"Siye huyu," alisema, akarudi kwenye kigoda.

Waliporudi hotelini, meneja alisema yule bwana abaki. Wageni wanampenda, wala hali chakula.

Jioni hiyo, Editha alipomweleza, Bibi Odilia aliigeuza picha. Siku hizi kila Jumapili baada ya misa hupanda bodaboda hadi Kimamba, ugali kwenye hotipoti, akakaa na mumewe mpaka wageni wafungue mlango. Mji bado unasema Tanga. Bibi akiulizwa mumewe yuko wapi, hujibu kwamba yuko kazini, hajapewa ruhusa.