Nukta za Mkaa

Tangu mke wangu Walburga, aliyekuwa akinituliza, atangulie mbele ya haki, mimi na wakubwa hatuivi. Mtu akishapewa kiti anasahau kuwa wenzake wana mikono tofauti. Erasmus, msimamizi wa ghala letu la mahindi, ndiye wa kwanza. Mimi nabeba magunia. Binti yangu Leticia, miaka thelathini na moja, anashona midomo ya magunia kwa shazia, ile sindano kubwa.

Vitu humponyoka tangu utoto. Mshono wake unakwenda kama njia ya panya, mahindi yanamwagika. Erasmus akamwambia, "Ijumaa ushone magunia ishirini yasiyomwaga. La sivyo, kaa nyumbani. Uvivu si ugonjwa!"

Tukaenda hospitali. Daktari Hilda akamtaka achore, aruke, afunge kamba.

"Mzee, si uvivu. Inaitwa dispraksia. Akili yake nzima kabisa, ila amri ikitumwa mikononi inapotea njia. Amezaliwa nayo. Haiponi, lakini kazi inaweza kupangwa imfae."

Miaka yote nani alimwita mzembe? Mimi, mkubwa wa nyumba.

Ijumaa nikaenda na kipande cha mkaa. Kila mdomo wa gunia nikauwekea nukta zilizoachana upana wa kidole, na gunia nikalifunga kwenye nguzo lisiyumbe. Leticia akashona nukta kwa nukta, taratibu, ulimi nje.

"Ujanja wa chekechea!" Erasmus akafoka. "Lete shazia nikuoneshe kazi."

Akashona mbio mbio, huku anahutubia. Alipotaka kuinuka, gunia likamvuta. Kajishona mkono wa shati!

Ghala zima likaangua kicheko. "Bosi," akauliza Pamela, mshonaji mwenzake Leticia, "ukienda Namtumbo utapanda basi na gunia lako?"

Leticia ndiye aliyemkata uzi, pole pole asimchome, kisha akarudi kwenye nukta zake. La ishirini alilifunga jua bado liko juu. Tukayapindua yote: hakuna punje iliyodondoka.

Erasmus akakohoa. "Jumatatu njoo." Akageuka. "Na huo mkaa uje nao. Wenzako wanauulizia."

Simpendi bado. Lakini jioni nilipiga mluzi njia nzima.

Nyumbani Leticia akaniletea chai. Kikombe cha bati kikamponyoka, kikazunguka sakafuni kikilia. Akanitazama, anangoja nifoke.

"Kiache, mama," nikasema. "Kimalize ngoma yake ya lizombe."

Tukakitazama kikicheza mpaka kikachoka, mbavu zinatuuma kwa kucheka.