Ukurasa Uliofungia Nyama

Jirani yangu Osewe huamini chochote kilichochapishwa. Siku ile alinunua nyama, nayo ikafungiwa kwa ukurasa wa gazeti la Jumapili, sehemu ya juu imechanwa. Alipofika nyumbani akaukunjua, akasoma, jasho likamtoka. Serikali, gazeti lilisema, imechoshwa na watu wanaoishi pamoja bila ndoa. Kuanzia mwezi ujao chifu atapita nyumba kwa nyumba: mwanamume abaki Kibera, mwanamke ahamishiwe Kawangware, waonane Krismasi tu, tena kwa ruhusa.

Msicheke. Miaka ile ya tisini chifu alikuwa mungu mdogo, na vibanda vyetu vya Kibera vilibomolewa bila onyo. Watu waliokuamsha kwa tingatinga wangeshindwaje kukunyang'anya mke? Na Sella alikuwa mke wa Osewe kwa kila kitu, ila Osewe hakuwahi kwenda kwao kumwomba. Kila mwaka alisema mwaka ujao. Sella alishaacha kuuliza, lakini msafara wa harusi ukipita alikuwa akiingia ndani na kufunga mlango. Roho iliniuma kumwona hivyo.

Kesho yake Osewe akavaa koti, akambeba jogoo kwapani, akashika njia ya Kawangware kwa mama yake Sella. Hakuaga, ila koti na jogoo vilimwambia Sella anakokwenda. Sella akaja kwangu na ule ukurasa, bado unanuka damu.

"Magdaline, hii ni ukweli?"

Niliufahamu mara moja. "Huu ni ule ukurasa wa utani. Hutunga tu, watu wacheke."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakabaki.

"Kumbe ameenda juu ya kuogopa chifu," akasema. "Si juu yangu."

Osewe alirudi jioni bila jogoo. Ukuta wetu ni mmoja, wa mabati, hata sikuhitaji kutega sikio. Nilitega hata hivyo.

"Mama yako amekubali," akasema. "Anataka nirudi na wazee wetu."

"Osewe, hiyo stori ya gazeti ni jokes. Hakuna chifu anakuja. Kama unataka kuachana na hii maneno, sema saa hii. Sitakasirika."

"Najua. Niliambiwa nikifika Satellite, hapo karibu na Kawangware. Niliuliza mwenye duka, hao wanawake wakiletwa huku watalala wapi. Alinicheka mpaka akaita wateja waje wanione."

"Na bado ukaenda?"

"Nilikuwa nishageuka nirudi. Halafu nikaona, sawa, chifu hakuji, lakini ile uoga bado niko nayo. Tangu jana nakuangalia ukipika, nafikiria hii nyumba bila wewe. Hiyo haikuwa jokes."

Nilisikia stuli ikivutwa, kisha sauti ya Sella, chini sana, ikimwuliza mama alikuwa amevaa nini, alimkaribisha vipi, na neno la kwanza alilomwambia lilikuwa gani. Osewe akaanza, Sella akamkatiza. Alitaka asimuliwe kuanzia mlangoni, polepole, bila kuruka chochote.