Kilichokuwa Ndani ya Gobore la Maduhu

Mtaalamu wa silaha alikula kiapo, akakohoa kidogo, akaiambia mahakama kwamba gobore lile lilikuwa zima. Alikuwa amelipakia baruti kwa mikono yake mwenyewe, akafyatua, na likalia vizuri tu. Nyanzobe, aliyekaa benchi la nyuma, akaangua kicheko. Karani alimkodolea macho. Alijiziba mdomo kwa kanga, lakini kicheko kilikwisha toka, na hakimu alikwisha kisikia.

Hakuwa na la kumchekesha, maskini. Aliyesimama kizimbani alikuwa Manase, mwanawe wa pekee. Askari wa msako waliingia nyumbani kwao Kamsamba, wakakuta gobore la marehemu mumewe, Maduhu, limechomekwa darini, na kwa kuwa baba alikuwa kaburini, wakamchukua mwana. Kumiliki silaha ya moto bila leseni. Mahabusu wenzake walimwambia ajiandae kwa miaka kumi na mitano, na mahabusu wanajua kutisha kuliko hakimu mwenyewe.

Wakati wa mapumziko Getruda, wakili wa Manase, alimvuta mama pembeni, nyuma ya jengo la mahakama. Alikuwa binti wa kutoka Ihanda, mwembamba, anayeongea kama mtu anayewahi basi.

"Mama, umecheka nini mle ndani?"

"Yule bwana mwongo. Lile gobore haliwezi kulia."

"Kwa nini haliwezi?"

Nyanzobe akageuka kutaka kurudi ndani. Getruda alimzuia, akauliza tena, na mwisho mama akalitoa lile neno ambalo hata Manase hakuwahi kuambiwa.

Kabla ya Manase, Nyanzobe alizika watoto watatu, wote wachanga. Wakati huo walikuwa bado Usukumani, hawajahamia bonde la Momba na ng'ombe wao. Maduhu alikuwa mwindaji hodari, akajiaminisha kwamba gobore lake ndilo linalowachukua watoto wake, kama malipo ya wanyama aliowaua nalo. Manase alipozaliwa na kitovu kukatika, baba alikifunga kwenye kipande cha kaniki, akakishindilia mpaka ndani kabisa ya mtutu, akamiminia nta ya nyuki juu yake. Akamwambia mkewe: "Uhai wake umekaa humu. Asifungue mtu." Hakuwinda tena mpaka anakufa. Na mtoto akaishi.

Getruda alishika kichwa. "Mama, basi tumeshinda! Tunaiomba mahakama ifungue mtutu mbele ya watu wote. Nta ikikutwa haijaguswa, yule bwana alifyatua nini?"

"Haufunguliwi."

"Lakini mama..."

"Nimesema haufunguliwi. Unataka umtoe jela ili umzike?"

Getruda hakucheka, na kwa hilo Nyanzobe anamheshimu mpaka leo. Alisema taratibu, kwa mara ya kwanza bila haraka: "Mimi siwezi kukuambia kwamba baba Manase alikosea. Ila bila ule mtutu nina maneno matupu. Yule bwana naye ana maneno matupu, lakini ya kwake yamevaa magwanda."

Jioni hiyo kesi iliahirishwa, mahabusu wakapandishwa kwenye karandinga. Nyanzobe alisimama kando ya geti akamwona mwanawe akishindwa kupanda. Kijana aliyekuwa akimshika fahali pembe na kumlaza chini, leo alivutwa mkono na mwenzake kama kizee. Alikuwa akikohoa. Shingo yake ilikuwa nyembamba mno ndani ya ukosi wa shati alilomshonea mwenyewe.

Hasira ikampanda Nyanzobe, na haikuwa hasira ya serikali. Alimkasirikia Maduhu. Kinga gani hii, baba Manase? Mtoto anakwisha huku naona, na wewe umemfungia uhai kwenye bomba la chuma linalompeleka gerezani! Aliogopa, ila alikwisha kata shauri. Alirudi kwa Getruda akamwambia neno moja tu: "Waombe."

Siku aliposimama kutoa ushahidi alieleza yote, na hakuinamisha uso hata alipofika kwenye wale watoto watatu. Mwendesha mashtaka alitabasamu.

"Kwa hiyo mama, unaiambia mahakama kwamba hii bunduki ina mimba?"

Watu wakacheka. Nyanzobe akawangoja wamalize.

"Haina mimba, bwana mkubwa. Mtoto alishazaliwa, yule pale. Ifungueni."

Hakimu akaamuru ifunguliwe. Walichomeka ufito mtutuni, ukagota kabla ya kufika mwisho. Karani akaazima jiko la mkaa kwa mama wa maandazi aliyekuwa nje, mtutu ukapashwa moto, na nta ikaanza kudondoka kwenye sinia, ya njano, inanukia asali ya Usukumani. Baada ya nta kikateleza kipande cha kaniki kilichofungwa uzi. Hakimu akakifungua kwa ncha ya kalamu. Kitovu kilikuwemo, kikavu, cheusi. Nyanzobe hakukitazama. Alikuwa amemkazia macho Manase, kifua chake, kinavyopanda na kushuka.

Hakimu akamgeukia mtaalamu wa silaha. "Wewe ulifyatua nini?"

Bwana yule akatazama buti zake.

Gobore lisiloweza kufyatua halikuhesabiwa kuwa silaha, na Manase aliachiwa huru. Gobore likataifishwa, na karani akakitia kitovu kwenye bahasha pamoja na vielelezo vingine. Nyanzobe akaketi sakafuni, katikati ya njia.

"Gobore chukueni. Hicho si cha serikali."

Askari wakamwambia ainuke, akajifunga kanga vizuri zaidi. Hakimu akamtazama kwa muda juu ya miwani yake.

"Karani, mpe mama kitovu cha mwanawe. Hicho hakihitaji leseni."

Njiani, pale Mlowo, mama na mwana walishuka kungoja gari la Kamsamba, wakaingia mgahawani. Manase alikula wali na samaki kama mtu aliyetoka gerezani, na mama yake akamtazama kila tonge. Ghafla kijana akapaliwa. Nyanzobe aliruka, meza ikapinduka, akamkumbatia kifua kwa mikono miwili na kupiga yowe.

"Mama, ni mwiba tu," alisema Manase, machozi yakimtoka kwa kukohoa na kucheka.

Alikuwa mzima. Nyanzobe akainua meza, akaketi. Kisha akafungua pindo la kanga, akakitoa kile kipande cha kaniki na kukiweka kiganjani mwa mwanawe.

"Kichimbie mwenyewe, popote utakapopenda. Mimi nimekulinda, nimechoka."

Manase akakitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Mama akamwagizia wali mwingine. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mtoto yule azaliwe, akampa mgongo, akaenda kunawa mikono.