Saizi ya Winchi

Foleni ya kujisajili ilikuwa imefika getini, na kazi yangu ilikuwa kuinyoosha. Kwenye meza ya zawadi, binti aliyejitolea kama mimi aligawa mifuko na fulana. Kila mshiriki alipewa saizi aliyokuwa ameomba miezi kadhaa nyuma.

Ndipo akafika Winchi. Tulimpa jina hilo kwa sababu katika makongamano yetu ya mafundi umeme alibeba maboksi mawili pale wengine tulipohema na moja. Sasa mkanda wake ulikuwa umetobolewa matundu mapya, na suruali imejikunja kiunoni kama mdomo wa gunia.

Binti akaitazama fulana, akamtazama yeye. "Baba, hii itakumeza. Nikubadilishie ndogo?"

"Niliomba kubwa, mwanangu."

Nikamsogelea. "Kaka, chukua inayokutosha. Nani atakucheka?"

Akacheka yeye mwenyewe, kicheko kikavu. "Mvi zote hizo na bado huwajui wake zetu. Shemeji yako ananijazia sahani ileile ya zamani, anasema mwili utarudi. Nikimpelekea ndogo, atajua nimekata tamaa, naye atakata."

Nikamwambia binti ampe kubwa. Winchi akaivaa palepale, juu ya shati. Shingo yake ikasimama ndani ya ukosi kama mchi kwenye kinu.

"Vipi?" akaniuliza.

"Imekukaa," nikasema. "Mwambie shemeji ni mimi niliyesema."