Sikio Kwenye Kofia ya Amiri

"Mimi, Amiri wa Nyota Zote, niliwatuma askari mia tatu wakafe, na damu yao iko juu yangu!"

Mzee Pyo alinguruma hadi chombo cha anga kikatikisika, kwa kuwa kilikuwa cha mbao na rangi ya fedha. Kisha akavua kofia mbele ya majeneza. Juu ya upara wake likabaki sikio la nguruwe. Maiti ndio waliotangulia kucheka.

Asubuhi ile waigizaji na mafundi wote walikuwa wameinamia kichwa cha nguruwe aliyechemshwa, wakiomba tamthilia irekodiwe bila balaa, kama ilivyo desturi ya kwao. Nyama ilipogawanywa, Do-yul, mwigizaji wa miaka kumi na sita aliyeigiza kuruta, aliondoka na masikio.

"Seo-bin!" mwongozaji alimfokea msichana wa mavazi. "Kofia si kazi yako? Kusanya vyako uende!"

"Bosi, naapa sijui..." Machozi yalimlengalenga.

Mzee Pyo akapiga saluti, sikio lingali kichwani. "Mwache dada wa watu. Amiri hapa ni mimi. Nililificha nile baadaye, nikasahau. Nifukuze mimi."

"Mzee, wewe nyama huli!"

"Leo nimeanza."

Watu wakavunjika mbavu. Do-yul alijaribu kucheka nao, huku akifuta glavu zake kwenye suruali.

"We kuruta," mwongozaji akasema, "mbona glavu zako zinang'aa mafuta?"

Do-yul akasimama wima. "Ni mimi, Bosi. Wao hawajui lolote. Na sikio la pili liko kwenye mfuko wa koti lako."