Nenosiri la Profesa

Kaka yangu tunamwita Profesa, na ole wako umwite vinginevyo. Hajawahi kufundisha hata kuku kuingia bandani. Alikuwa karani wa stoo mpaka akastaafu, akanunua kompyuta, na tangu siku hiyo akajipa kazi ya kulinda siri za ukoo mzima bila kuombwa na mtu. Intaneti hakuiunganisha kabisa. "Wezi wa siku hizi wanapitia huko," alikuwa akisema, huku plasta ya kidonda ameibandika kwenye kijicho cha kamera. Nenosiri aliliandika ameifunika kibodi kwa kifua, kama mtoto anayeficha ubwabwa. Mkewe wa ndoa hakulijua.

Vyeti vya familia vilikuwa kwake, kwenye sanduku la bati, tangu mama yetu afariki. Basi siku moja mzee mzima akaamua kwamba karatasi ni hatari. Karatasi inaliwa na mchwa, karatasi inaibwa, karatasi inaokotwa jalalani mtu akajigeuza wewe. Akavipiga picha vyote kimoja kimoja, akavitia kwenye kompyuta. Halafu, jamani, nisikilizeni vizuri, vile vya asili akavichoma moto nyuma ya nyumba! Mimi niko saluni, nimeshika kichwa cha mteja, sina habari. Cheti cha kuzaliwa cha binti yangu, cheti chake cha mitihani, vyote majivu.

"Usijali, dada," akaniambia nilipokwenda kumfokea. "Sasa viko salama kuliko benki."

Nilitamani nimrushie kopo la mafuta ya nywele. Lakini kaka mkubwa ni kaka mkubwa, nikameza mate.

Haukupita muda kompyuta ikafa. Akabonyeza, akapiga kofi, akapuliza vumbi, wapi! Mafaili alishayanakili kwenye flashi, kwa hiyo hakuhangaika. Akaibeba ile maiti yake ampelekee fundi wa mtaa wa pili, fundi aichukue kwa vipuri, ampunguzie bei ya nyingine. Binti yangu alikuwepo. Akamwambia kwa adabu zote, "Mjomba, si utoe diski kwanza? Vyeti vyetu si bado vimo?"

Profesa alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mashine imekufa. Na hata ikifufuka, ina nenosiri. Aanzie wapi?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Akaipeleka.

Binti yangu alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi. Hiyo nafasi aliililia. Alifanya usaili mara mbili, na aliposhinda alizunguka mtaa mzima kuwaaga watu kana kwamba anakwenda ng'ambo. Tukaenda kuripoti, yeye na begi lake na nakala za vyeti zilizochapwa kutoka kwenye flashi, mimi na kiburi changu cha mama. Msajili, mwanamke mwenye miwani iliyoteremka puani, akatafuta jina, akatuangalia, akatafuta tena.

"Huyu ameshaandikishwa," akasema.

"Nani?" binti akauliza.

"Wewe."

Akafungua jalada. Jina la mwanangu, tarehe yake ya kuzaliwa, jina langu mimi kama mzazi, alama zake zote. Picha ya pasipoti tu ndiyo ya msichana mwingine, anatabasamu kama yuko kwao. Nikaivuta ile nakala ya cheti cha kuzaliwa, nikaiona pembeni ncha ya kidole gumba chenye kucha iliyopasuka katikati. Ncha hiyo naijua tangu utoto wangu, imenifinya sana. Ilikuwa picha aliyoipiga Profesa kwa mkono wake.

Nilimwacha binti kwenye benchi la chuo, nikaenda kwa fundi mbio. Fundi wala hakushtuka. "Diski nilishaiuza na vipuri vingine, mama. Aliyenunua simjui."

"Na nenosiri je?"

"Nenosiri linafunga mashine, halifungi diski. Unaichomoa hii, unaichomeka kwenye kompyuta nyingine, vitu vyote hivi hapa mezani. Angeyafunga mafaili yenyewe kwa ufunguo wake, diski ingekuwa bati tu. Hakuyafunga. Na hakuuliza."

Niliporudi, msajili alinieleza bila kunizungusha. Baraza la mitihani litachunguza, lakini uchunguzi ni mrefu na masomo yanaanza. Aliyeleta vyeti kwanza ndiye mwenye nafasi. "Ila niletee huyo aliyepiga picha hizi," akasema. "Aandike na kusaini kwamba vyeti vilitoka mikononi mwake kwa uzembe. Hapo nitamsimamisha yule, na binti yako ataingia darasani na wenzake."

Sentensi moja tu. Nikampigia Profesa. Akaja na koti, na kalamu mbili mfukoni. Nilimpokea getini, nikamweleza kila kitu, maneno ya fundi na yote. Aliitikia, "Nimeelewa, nimeelewa," mpaka nikamwonea huruma. Huruma! Mimi!

Tukaingia ofisini pamoja na binti, msajili akamsogezea kiti. "Mzee, inawezekana vyeti hivi viliibwa kwenye kompyuta yako?"

Profesa akakohoa. Akawatazama makarani wawili walioacha kuandika ili wasikie. Mkono wenye ile kucha akauingiza mfukoni.

"Haiwezekani," akasema. "Kompyuta yangu ina ulinzi kamili. Nenosiri langu hajui mtu."

"Kaka!" nikapiga kelele.

"Haiwezekani kitaalamu," akaongeza. Loo, kitaalamu!

Msajili akavua miwani. "Basi kama havikuibwa, mlimpa wenyewe. Mmeuza vyeti, na sasa mnavitaka." Akalifunga jalada. "Mama, nisikuone tena hapa na binti huyu kabla baraza halijaniandikia."

Nilisema, nikaapa, nikagonga meza, nikamwambia kaka atoe ule mkono mfukoni, msajili aione kucha. Mlinzi akaitwa. Binti yangu aliinama akaliokota begi lake, akatoka.

Nje, kwenye ngazi za ofisi, wanafunzi wapya walikuwa wamepanga foleni kupokea sare. Profesa akatufuata akihema, koti limekaa upande.

"Dada, ungetaka niseme nini mbele ya watu wale? Mtu mzima mimi, na heshima yangu!"

Heshima! Nilikuwa na maneno ya kumpa, nayo hayakuwa ya kusemwa mbele ya watoto wa watu. Lakini alishamgeukia binti yangu, amesimama katikati ya ngazi na mikono ameipanua, anataka kumkumbatia, machozi yamemlengalenga.

"Mwanangu," akamwambia, "mjomba wako nitakutafutia chuo kingine."

Binti alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekosea mlango.

"Samahani, mzee," akasema. "Naomba nipite."

Profesa akampisha.