Barua ya Kumstaafisha Fundi

Kwanza ieleweke kwamba mimi sikuwahi kutaka kwenda kuzeekea ughaibuni. Nilikuwa nazeeka vizuri tu hapahapa, nyuma ya cherehani yangu, na sikuona kama kuzeeka ni jambo la kuombea viza. Mwenye shida ni mume wangu. Alitunza ghala la saruji mpaka akastaafu, na vumbi la kule limemkalia kifuani hadi leo. Daktari alitueleza bila kupepesa macho: msimu mwingine wa baridi na ukungu katika mji huu hatauvuka. Binti yetu anaishi nchi yenye hewa kavu, na nchi hiyo inapokea wastaafu, na mume wangu ameapa kwamba bila mimi hasogei hata hatua. Basi, habari ndiyo hiyo. Nilidhani kilichobaki ni kupanda ndege tu.

Thubutu. Watu wa viza walitaka cheti cha polisi kuonyesha kwamba mimi si mhalifu. Uhalifu wangu mkubwa ni kumwambia mteja "njoo kesho" na huku kitambaa chake hata sijakikata, na hilo polisi hawalijui. Walitaka vipimo vya damu, picha za kifua, bima ya matibabu, barua ya mfuko wa pensheni, picha ndogo inayoonyesha masikio yote mawili. Hiyo ya masikio nilirudia kupiga hadi nikachoka, kwa sababu mpiga picha alidai nimekunja uso. Nikamwambia huu ndio uso wangu, mwingine sina.

Mume wangu, yeye alikuwa peponi. Mtu aliyekaa ghalani maisha yake yote, ukimpa fomu umempa asali. Kila karatasi aliitolea nakala, na nakala nazo akazitolea nakala, mpaka binti yetu akambatiza Mzee Nakala. Fomu zote alijaza yeye, zake na zangu. Ndivyo tulivyozoea tangu tuoane, yeye kalamu, mimi sindano. Wakati wa kumwandikisha mtoto shule yeye alijaza fomu, mimi nikashona sare, na hakuna aliyeona tatizo.

Siku ya mwisho ya kupokea maombi tulikwenda ofisini kwao pamoja, maana sheria yao inataka mwombaji na mwenza wake wasimame dirishani wenyewe. Mashine ya kutoa namba ilikuwa mbovu, kwa hiyo tulikuwa tunasogea kwenye benchi la chuma makalio kwa makalio, ukiinuka kunyoosha mgongo umepoteza zamu. Mume wangu akaanza kukohoa. Watu waliotutangulia wakakumbuka ghafla kwamba wanapenda kusimama, nasi tukasogea hadi mbele. Angalau mara moja kifua hicho kimetufaa.

Dirishani alikaa afisa wa kike, umri wa binti yetu, sauti ya upole, macho yamechoka. Akapitia karatasi za mume wangu moja baada ya nyingine, akaridhika, akafika kwangu.

"Mwenza wako anafanya kazi gani, mzee?"

"Hafanyi kazi," mume wangu akajibu. "Yuko nyumbani tu."

Alisema kirahisi, vile mtu anavyotaja mtaa anaokaa. Wala hakuniangalia.

"Vizuri," afisa akasema, "maana viza hii hairuhusu kazi ya aina yoyote. Mama, utaapa hapa kwamba hufanyi kazi, na kule hutafanya."

Damu ikanipanda mpaka masikioni. Yuko nyumbani tu. Sasa si huko huko nyumbani ndiko iliko cherehani? Ghala lilipofungwa mwaka mzima, yeye akawa anakaa sebuleni kuangalia ukuta, ni nani aliyekuwa anashona usiku na mchana? Au alidhani chakula kinajipika chenyewe kutoka kwenye mafaili yake?

"Mwanangu," nikamwambia afisa, "mimi ni fundi cherehani. Andika hivyo."

Mume wangu akanikanyaga mguu. "Mama watoto, usituharibie," akaninong'oneza, kisha akamgeukia afisa na tabasamu la kujipendekeza. "Ni kushona shona tu, afisa. Vitu vidogo vidogo."

"Vidogo vipi? Hilo koti ulilovaa limeota mgongoni mwako?"

Afisa akaliangalia koti, akaniangalia mimi, akaweka kalamu chini.

"Mama, kama unafanya kazi, mimi siwezi kuandika kwamba hufanyi. Ukiapa uongo wakagundua, mnarudishwa wote wawili. Lakini kama umestaafu, hakuna neno. Leta tu barua ya kustaafu kutoka kwa mwajiri wako."

"Mwajiri wangu ni mimi."

"Basi itoke kwako. Iwe na tarehe ya siku ya mwisho ya kazi, na shahidi."

"Nijiandikie barua ya kujistaafisha?"

"Ndiyo, mama."

"Na hiyo siku ya mwisho ni lini?"

"Dirisha linafungwa jioni hii. Kwa hiyo ni leo."

Haya makubwa. Nyumbani nimeacha gauni la watu mezani, limekatwa, limeshikizwa mkono mmoja tu. Mwenyewe nimemwambia aje kesho, na safari hii, Mungu ananiona, nilikuwa nasema kweli.

Tukarudi kwenye benchi. Mume wangu akachomoa kalamu mfukoni, kama kawaida yake, akauliza tuanzeje.

"Nipe hiyo," nikamwambia. "Hii ni yangu."

Sitaficha kwamba nilitaka kuinuka niende zangu. Nilitaka kumwambia kama ni hewa kavu akaifuate mwenyewe, yeye na mafaili yake, mimi nina wateja. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Halafu kikohozi kikamshika, kile cha kumkunja mpaka kichwa kinagusa magoti. Nikamshika mgongo, nikahisi mbavu zake chini ya koti. Lilikuwa linampwaya. Nilimpima mwenyewe, najua lilivyomkaa siku ile nilipomvalisha, na sasa ningeweza kulibana kila upande na bado likabaki kubwa. Nikafunga mdomo, nikaandika.

"Kwa yeyote anayehusika. Fundi huyu nimemwajiri tangu akiwa msichana. Hakuwahi kuomba likizo, nami sikuwahi kumpa. Hajachoka na macho yake bado yanaona tundu la sindano. Kuanzia leo nimemstaafisha kwa sababu za kifamilia."

Ikabaki sehemu ya shahidi. Tukarudi dirishani, afisa akatupatia fomu fupi yenye mstari mmoja wa kueleza kazi aliyofanya mstaafu. Mume wangu akavaa miwani, akasoma kwanza barua yangu. Akaisoma tena. Kisha akaegemea kwenye ubao wa dirisha akaanza kuandika, na mstari ulipokwisha hakusimama. Akapanda pembeni, akazunguka juu, akashuka upande wa pili. Yeye, ambaye siku zote alikuwa ananigombeza herufi ikigusa mstari.

Nikachungulia. Aliandika sare za shule. Aliandika bati la nyumba yetu na nauli ya binti yetu ya kwenda kusoma. Aliandika kwamba mwaka ule wa ghala kufungwa alilishwa na mkewe, na kwamba hakuwahi kumwambia mtu.

"Mzee," afisa akasema, "nafasi ni mstari mmoja. Andika tu 'alikuwa fundi', inatosha."

"Haitoshi."

"Ukiandika nje ya mstari hawaipokei. Chukua nyingine."

Akachukua nyingine, akaiharibu vilevile. Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna. Afisa akashusha pumzi, akavuta karatasi nyeupe, akaibana nyuma ya fomu.

"Maelezo ya ziada yanaruhusiwa," akasema. "Endelea, mzee."

Alipomaliza, nikanyoosha mkono nikaapa. Muhuri ukagongwa. Nilifurahi kwa ajili ya kifua chake na nikaumia kwa ajili ya mikono yangu, yote kwa wakati mmoja, na sioni haya kulisema.

Afisa akatupatia stakabadhi. Alipoinyoosha niliona kifungo cha mkono wa shati lake kinaning'inia kwa uzi mmoja, kitu cha kushonwa mara moja kikaisha. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye ukosi, ninapochomekaga sindano. Nikaurudisha, nikaufungia ndani ya kiganja cha mkono wangu wa pili. Afisa hakuona. Mume wangu aliona.

"Mshonee," akasema. "Bado hatujaondoka."

Nilikuwa na jibu kali la kumpa, hayo huwa sipungukiwi. Nikalimeza, nikamwambia afisa alete mkono. Akaupitisha dirishani, na foleni ikangoja.